Kilima Kitakatifu na Mkono wa Mjenzi

Tangu kale binadamu amependa kupanda mahali pa juu atakapo kusema na Mungu. Musa alizipokea amri juu ya Mlima Sinai. Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira, juu ya mlima ulio karibu na Makka. Wakikuyu, wasalipo kwa desturi ya wazee wao, huelekeza nyuso zao Kirinyaga. Watu hawa hawakuambizana, wala lugha zao si moja. Lakini miguu yao ilielekea upande mmoja, nao ni upande wa juu.

Sababu haiko mbali. Apandaye mlima huacha nyuma kelele za soko na ugomvi wa majirani. Pumzi humpungua, na upungufu wa pumzi humkumbusha kwamba yeye ni kiumbe tu. Afikapo kileleni hugeuka nyuma, akaiona nyumba yake, ambayo asubuhi ilikuwa kubwa machoni pake, imekuwa ndogo kama punje ya mtama. Hapo kiburi humwisha, na kiburi kikimwisha mtu, sala huwa karibu.

Msomaji, jambo nitakalo kulijadili nawe ni hili. Kilima kilichotakaswa na ibada za wazee, je, mtu wa leo ana ruhusa ya kujenga juu yake? Na kama anayo ruhusa hiyo, anayo kwa masharti gani? Usilione swali hili kuwa la wazee peke yao. Wewe uliye darasani leo ndiwe utakayeulizwa kesho.

Nchi ya Wakamba katika Kitui na Makueni ni nchi ya vilima na ya ukame. Mvua zake ni za misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba. Na mara nyingi msimu mmoja, au yote miwili, huwadanganya wakulima. Bondeni mto huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na mama hufukua mchanga huo kwa mikono ili apate maji ya kunywa. Lakini juu ya vilima kama Mbooni na Nzaui ukungu hutua, msitu husimama, na chemchemi hutoka. Si ajabu basi kwamba watu waliotazama juu kuitafuta mvua walitazama juu vilevile kumtafuta Mwenye mvua.

Kilima cha Nzaui, kilichoko Makueni, kina sifa ya pekee. Masimulizi ya Wakamba, ambayo mtaalamu wa Kiswidi Gerhard Lindblom aliyaandika mwanzoni mwa karne ya 20, husema kwamba Mulungu aliwashusha mume na mke wa kwanza juu ya mwamba wa kilima hicho, na kwamba nyayo zao zilibaki zimechapwa katika jiwe. Taifa likisimuliwa kwamba lilianzia mahali fulani, mahali hapo hapawi tena mawe na majani tu. Huwa kama kitovu cha mtoto: hakimlishi tena, lakini ni alama kwamba alizaliwa.

Mbali na kilima hicho, kila sehemu ya nchi ilikuwa na ithembo lake, yaani mahali pa kutambikia. Mathembo hayo yalikuwa aghalabu chini ya mkuyu mkubwa au katika kichaka cha miti mikongwe, na mengi yalikuwa juu ya vilima au kando ya maji. Mvua ilipochelewa, au maradhi yalipoingia, au mavuno mapya yalipopatikana, wazee walioaminiwa, wanaume na wanawake, walikwenda huko. Walichinja mbuzi, wakamwaga maziwa au pombe, wakatoa nafaka kidogo katika ile waliyokuwa nayo, wakaomba. Mti wa ithembo haukukatwa. Mtu aliyekosa kuni alitembea mwendo mrefu kutafuta kwingine, lakini shoka lake halikuugusa mti huo.

Angalia hapa neno moja ambalo ni rahisi kulipita. Ithembo halikuwa na jengo. Shina la mkuyu ndilo lililokuwa nguzo, na kivuli chake ndicho kilichokuwa paa. Wazee hao hawakuwa wajinga wa kujenga. Walijijengea nyumba na maghala. Lakini mahali pa Mungu walipaacha kama walivyopakuta, na huko kupaacha ndiko kulikokuwa heshima yenyewe. Basi mtu anayejenga chumba kando ya kanisa au msikiti huongeza jengo penye jengo. Lakini anayejenga penye ithembo hubadili asili ya kitu chenyewe, hata jengo lake likiwa zuri namna gani. Weka jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tuvuke twende Kitui. Si mbali na mji wa Kitui pana jabali kubwa ambalo wenyeji huliita Ivia ya Nzambani, maana yake Jiwe la Nzambani. Masimulizi yake ni mengi na hayafanani, lakini mengi husema kwamba Nzambani alikuwa msichana aliyekwenda porini kutafuta kuni pamoja na wenzake, na kwamba jabali hilo ndiye yeye, aliyegeuka jiwe. Husemwa pia kwamba mtu akilizunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke, na mwanamke akawa mwanamume. Kijana wa leo hucheka asikiapo maneno hayo. Lakini hata yeye acheкaye ni nadra kumwona akizunguka mara ya saba.

Zamani kulipanda jabali hilo kulikuwa kazi ya wachache wenye mikono imara na moyo mgumu. Siku hizi ngazi za chuma zimefungwa ubavuni mwake. Mgeni hutoa ada yake, hushika vyuma, hupanda, na baada ya kitambo huwa juu, akaitazama nchi mpaka macho yakachoka.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanachuo wa ualimu wapatao arobaini kulitazama jabali hilo. Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja ambaye mguu wake ulidhoofika tangu utotoni. Binti huyo alishika vyuma, akapanda kidato kwa kidato, akapumzika mara nyingi, na mwisho akafika. Alikaa kimya kitambo kirefu. Aliposhuka aliniambia, "Mwalimu, maisha yangu yote nimeambiwa niwangoje wenzangu chini. Leo nimesali mahali ambapo sikutarajia kufika."

Alikuwamo pia kijana mmoja mzaliwa wa sehemu zile, naye hakupanda. Nilimwuliza kama aliogopa. Alinijibu kwa adabu, "Siogopi, mwalimu. Lakini nyanya yangu alipokuwa akipita hapa alipunguza sauti, nami nilipokuwa mtoto alinifinya sikio nisipopunguza yangu. Sasa sikiliza muziki wa simu ulioko juu huko. Nami nikipanda, nani atabaki wa kupunguza sauti?"

Wote wawili walinitazama mimi, mwalimu wao, nikate shauri. Sikukata. Nilisema kwamba gari linatungoja. Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Tuanze na maoni yanayomwunga mkono kijana. Wenye maoni haya husema kwamba mahali patakatifu pasiguswe kamwe. Hoja yao ni nzito. Mti wa miaka mia mbili hukatwa kwa saa moja, wala hapana fedha iwezayo kununua miaka mia mbili. Mwamba uliopasuliwa haushonwi. Ukimya ukishavunjwa kwa kizazi kizima, watoto wa kizazi kifuatacho hawajui kwamba uliwahi kuwapo, na mtu hawezi kukililia kitu asichokijua. Tena husema kwamba anayejenga huwa na fedha, na mwenye kuomba mvua aghalabu hana. Basi kuruhusu ujenzi ni kumpa mwenye fedha ufunguo wa nyumba ya maskini.

Lakini maoni haya yana udhaifu wake. Mahali pasipoguswa pakasahauliwa hapahifadhiki. Wazee waliojua njia ya kwenda kwenye ithembo wanakufa, na wajukuu wao wako Nairobi na Mombasa. Mchoma makaa akifika hapo hakuti mzee wa kumzuia wala alama ya kumwonya. Hukuta miti mizuri tu. Kuna uharibifu unaokuja na kelele za mashine, na kuna uharibifu unaokuja kimyakimya kwa kutojali. Wa pili hauandikwi magazetini, lakini kazi yake ni ile ile.

Maoni ya upande wa pili humwunga mkono yule binti. Wenye maoni hayo husema kwamba dunia ni ya walio hai. Kilima, wasema, hakikuumbwa kwa ajili ya wenye miguu mizuri peke yao. Ngazi humwinua kilema na mzee; ada ya mgeni hulipa karo ya mtoto; nyumba ya wageni humpa kijana kazi karibu na kwao. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Kitui asipone kwa sababu jiwe lina hadithi?

Hoja hii nayo ni nzito, na asiyeijua njaa asiicheke. Lakini ina hatari yake. Faida ya fedha huhesabiwa jioni ile ile, na hasara ya heshima huhesabiwa baada ya kizazi. Kwa hiyo katika mizani ya watu wenye haraka upande wa fedha hushuka daima, si kwa kuwa ni mzito zaidi, bali kwa kuwa umewekwa kwanza. Leo ni ngazi. Kesho ni mkahawa. Kesho kutwa ni mnara. Na mwisho wake watu hupanda kilima kufanya mambo yale yale waliyokuwa wakiyafanya sokoni, ila kwa bei ya juu zaidi.

Ili tupate mwanga, tutazame mahali pawili mbali na Ukambani, ambapo watu walijadiliana juu ya jambo hili hili.

Mashariki ya Ufaransa, penye mji mdogo wa Ronchamp, pana kilima ambacho mahujaji wamekipanda kwa karne nyingi kumheshimu Bikira Maria. Kanisa lililokuwa juu yake liliharibiwa kwa mizinga mwaka wa 1944, katika Vita Vikuu vya Pili. Baada ya vita kazi ya kujenga jipya alipewa Le Corbusier, mbunifu wa majengo aliyekuwa na sifa kubwa, ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Mwaka wa 1955 jengo lake lilizinduliwa: kuta nene nyeupe zilizopinda, na juu yake paa la zege lililovimba kama tumbo la jahazi. Wako waliochukizwa mno. Walisema kwamba hilo si kanisa, na kwamba kilima chao kimetukanwa. Lakini miaka ilipita, watu wakalizoea, kisha wakalipenda, na wageni wakamiminika kutoka pembe zote za dunia kulitazama. Mwaka wa 2016 UNESCO ililiandika katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kazi nyingine za mbunifu huyo.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Walinzi wa kanisa hilo waliona kwamba watazamaji wamezidi na waombaji wamepungua. Wakataka watawa wa kike wa shirika la Mtakatifu Klara waje kuishi kilimani, ili sala isikatike. Mbunifu wa Kiitalia Renzo Piano alipewa kazi ya kuwajengea watawa hao makao, na kuwajengea wageni mahali pa kupokelewa. Mara kelele zikazuka. Wabunifu mashuhuri wa nchi nyingi walitia sahihi zao kupinga, wakisema kwamba kazi ya Le Corbusier itaharibiwa. Na wengine, mashuhuri vilevile, walitia zao kuunga mkono. Majengo yalikamilika mwaka wa 2011. Piano aliyachimbia ubavuni mwa kilima, chini ya udongo na majani, ili aliye kanisani asiyaone kwa urahisi.

Mambo mawili twajifunza hapo. La kwanza ni kwamba kilichokuwa aibu mwaka wa 1955 kilikuwa hazina ya kulindwa baada ya miaka hamsini. Basi upya wa kitu peke yake si dhambi, na ukongwe wake peke yake si utakatifu. La pili ni kwamba waliopinga walizungumza sana juu ya jengo, na watawa walizungumza juu ya sala. Ni rahisi kwa mtu kulipenda ganda la yai akamsahau kifaranga.

Mahali pa pili ni karibu nasi zaidi. Juu ya kilima cha Kasubi, Kampala, yamo makaburi ya wafalme wanne wa Buganda. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga jumba lake hapo mwaka wa 1882, akazikwa ndani yake mwaka wa 1884. Na baada yake walilazwa hapo Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Jumba hilo kubwa la kuezekwa kwa nyasi si kumbukumbu tu. Ni mahali pa ibada, penye walinzi wake na miiko yake. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza. Watu walilia barabarani kama waliofiwa.

Ingekuwa rahisi kulijenga upya kwa mwaka mmoja kwa matofali na mabati yasiyoshika moto. Waganda hawakufanya hivyo. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye kwa urithi, na wenye kazi waliachiwa kazi yao. Miiko ilifuatwa, mashauri yakawa mengi, na lawama juu ya ukawiaji hazikukosekana. Hata hivyo vitu vipya havikukataliwa vyote. Mipango ya kuzuia na kuzima moto iliingizwa, kwa sababu nyasi ni zile zile na moto ni ule ule. Mwaka wa 2023, miaka 13 baada ya msiba, UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wao walifahamu kwamba namna ya kujenga nayo ni ibada, na kwamba jumba lililojengwa bila ya wenyewe lingekuwa jumba la mtu mwingine.

Kutokana na mifano hii napata maswali matatu, ambayo naona kwamba kila mjenzi yampasa ajiulize kabla jembe halijagusa udongo wa kilima kitakatifu.

Swali la kwanza: nani ameulizwa? Si kuarifiwa, bali kuulizwa. Anayearifiwa huambiwa siku ya kuanza kazi. Anayeulizwa aweza kusema hapana. Wa kwanza kuulizwa ni wale ambao mahali hapo ni mlango wao wa sala, hata wakiwa wazee watatu wasiojua kusoma. Katika Ukambani wanawake wazee wasisahauliwe, maana katika ithembo walikuwa na nafasi yao.

Swali la pili: kitakachofanywa, je, chaweza kutenguliwa? Ngazi ya chuma hufunguliwa, ikaondolewa, na jiwe likabaki na makovu madogo. Lakini kilima kilichokatwa kwa baruti hakioti tena, na chemchemi iliyokauka kwa kukatwa msitu haisikii majuto yetu. Kosa liwezalo kusahihishwa ni mwalimu. Kosa lisiloweza kusahihishwa ni hakimu.

Swali la tatu: jengo hilo lamsaidia mtu kufanya lile lililowapandisha wazee, au lamsahaulisha? Hapa ndipo lile neno la ithembo kutokuwa na jengo linaporudi. Mahali ambapo heshima yake ilikuwa ni kuachwa, jengo lililo bora kabisa ni lile linalokaa mbali kidogo, chini kidogo, na kimya kidogo. Kibanda cha wageni kaa chini ya kilima. Njia na iwe nyembamba. Mti usiondolewe kwa ajili ya kivuli cha bati.

Huenda msomaji ukanikatiza hapa ukasema, "Mwalimu, mimi ni Mkristo," au "mimi ni Mwislamu, tambiko la mkuyuni lanihusu nini?" Swali lako ni la haki. Nakujibu kwamba kuheshimu si kuabudu. Ukiingia nyumba ya mwenzako huvui imani yako mlangoni. Huvua viatu tu. Tena kumbuka historia. Peter Cameron Scott na wenzake wa misheni ya Africa Inland walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, mwaka wa 1895. Naye Scott alifariki mwaka uliofuata. Kwa hiyo Nzaui pana mianzo miwili: hapo, kwa masimulizi ya wazee, watu wa kwanza walikanyaga mwamba, na hapo, kwa historia iliyoandikwa, misheni hiyo iliweka kambi yake ya kwanza. Mwenye kuudharau mwanzo mmoja atawezaje kuwaomba wengine wauheshimu wa pili?

Mtazame pia John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931. Alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana na mwanachuoni aliyesifika duniani. Akafariki mwaka wa 2019. Mtu huyu alitumia miaka mingi kukusanya na kueleza imani za Waafrika, akashikilia kwamba wazee wetu walimjua Mungu kabla ya meli ya mmisionari wa kwanza kutia nanga. Heshima hiyo haikumpunguzia Ukristo wake. Katika uzee wake alilifasiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka wa 2014. Mikono ile ile iliyoandika juu ya mathembo iliandika Injili.

Wako watakaosema kwamba sheria zatosha. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, inapoitaja ardhi ya jamii, hutaja pamoja nayo mahali pa ibada pa jamii, na kwamba tangu mwaka wa 2013 serikali za kaunti zimepewa madaraka juu ya utalii wa mahali na mambo ya utamaduni. Haya ni mema. Lakini sheria ni kama ua wa miiba: humzuia mbuzi wa jirani, haumzuii mwenye ua. Kama wenyeji wenyewe hawajui kilichomo ndani, wataufungua ua huo kwa mikono yao.

Sasa narudi kwa wanachuo wangu wawili. Kwa binti yule nasema: ulikuwa na haki ya kupanda. Mungu anayesikia sala ya mwenye miguu miwili mizima hakuikataa yako, na vyuma vilivyokubeba havikuwa matusi kwa mtu. Kwa kijana yule nasema: ulikuwa na haki ya kukataa. Ukimya uliofundishwa kwa kufinywa sikio ulikuwa sehemu ya kilima kile kama lilivyo jiwe lenyewe, na anayeuvunja ameharibu kitu ingawa hakuvunja hata kokoto. Haki zenu hazikugombana. Ngazi zaweza kubaki na ukimya ukarudi, maana kanuni ya kupunguza sauti haihitaji saruji.

Basi kosa la siku ile lilikuwa la nani? Lilikuwa langu. Ni mimi niliyewaleta watu arobaini mahali pale bila ya kuwaambia wanafika wapi. Sikumtafuta mzee hata mmoja wa kutupokea. Nililipa ada, nikadhani kwamba nimemaliza adabu. Wale waliopiga muziki juu ya jabali hawakumdharau mtu. Hawakuwa wamefundishwa, na mfundishaji wao alikuwa amesimama chini akitazama saa. Nilikuwa tayari kumlaumu mjenzi wa ngazi, kumbe mimi mwenyewe nilipita juu ya ngazi ile ile nikiwa mikono mitupu.

Msomaji, siku moja karatasi italetwa mbele yako. Labda utakuwa mhandisi, au karani wa ardhi, au mjumbe wa bunge la kaunti, au mzee wa kanisa. Karatasi hiyo itakuwa na picha nzuri ya jengo juu ya kilima, na chini yake nafasi ya sahihi yako. Watakaoileta watakuwa na haraka, na huenda nia yao ikawa njema. Usikatae kwa sababu jengo ni jipya, wala usikubali kwa sababu lina faida. Waambie wangoje. Enda kwanza ukakipande kilima hicho kwa miguu yako, pamoja na mtu mmoja aliyezaliwa chini yake, umwulize ni wapi nyanya yake alipokuwa akipunguza sauti. Mkifika hapo, nyamazeni wote wawili kwa kitambo. Kisha rudi ushike kalamu.